Nilivyosoma Uzi wa Kispania Malaba

Mulembe nyinyi wa upande wa Busia. Yoga noi nyinyi wa Malaba. Na wewe dereva, zima hiyo injini kwanza, foleni haitembei leo, mimi naijua kuliko vile najua mama yangu. Sogea usikie kazi ambayo mzee kama mimi nimefanya, kazi imenitoa jasho ya woga mpaka mto Sio ungeona aibu. Mimi nilikuwa natafsiri Kispania, naingiza kwa Kingereza. Usicheke. Shule niliiona kwa dirisha, tena nikiwa nje nafukuza mbuzi ya watu. Lakini kwa hii mpaka yote, kutoka Malaba mpaka Port Victoria, ukiokota neno ya Kispania hapo chini, hata kama trela imeikanyaga, ulikuwa unaambiwa peleka kwa Mzee Spania. Huyo ni mimi.

Siku ya kwanza ya kazi nilienda na jembe. Karibu na Kocholia kulikuwa na nyumba ya masista, na mkubwa wao alikuwa mama mzee kutoka Spania, tulimwita Madre. Nilikuwa nimesikia wanataka mtu wa kulima. Nikamkuta amesimama kwa mlango, mrefu kama mti ya stima, na macho yake ikikuangalia unakumbuka hata dhambi ambayo bado hujafanya. Akashika mikono yangu, akaigeuza hivi na hivi kama mtu anachagua kuku sokoni. Akachukua jembe, akaliegemeza kwa ukuta, akanivuta ndani.

Ndani wasichana walikuwa wanashona maua kwa vitambaa, ile kitu wasomi wanaita kudarizi. Vitambaa za kufunika viti, na zile za kutundika ukutani zimeandikwa karibu mgeni. Mimi nilikuwa niwashikie fremu. Fremu ni duara mbili za mbao, moja inaingia ndani ya nyingine, zinabana kitambaa kinakaa ngumu kama ngoma. Madre akaninyoshea mkono, akasema, ilo. Nikauliza, ilo gani, Madre? Akasema tena, ilo. Nikampatia kiti. Nikampatia dirisha, yaani nikalifungua. Nikampatia paka.  Kumbe kwa lugha yao hiyo ni uzi. Hapo ndio nilijua kazi ya lugha ni kazi ya woga. Mtu anakuangalia, anangoja, na wewe ndani ya kichwa ni giza ya kuvundika ndizi.

Nilianza na kushika fremu, nikaishia kushona. Sasa sikieni vile nilijifunza kusoma, kwa sababu hakuna mtu mwingine dunia hii alijifunza hivyo. Madre alikuwa na kitabu ya mifano imetoka kwao, maneno yote Kispania. Alikuwa anachora herufi kwa kitambaa na penseli, mimi napitisha sindano juu yake. Sikujua A ni A. Nilijua A ni sindano inapanda, inashuka, inarudi kukata katikati. O ni kuzunguka mpaka uchoke. Mpaka leo herufi ya uzi naisoma na kidole, macho nikiwa nimefunga, lakini ile ya wino lazima niikwaruze kwanza na kucha ndio iniambie jina lake. Neno likiisha, Madre analisema kwa Kispania, halafu kwa Kingereza yake ya kuvunjika. Bordado ni embroidery. Libro ni book. Prosperidad ni prosperity, yaani neema na utajiri. Hiyo ya mwisho ndiyo watu walipenda sana, walikuwa wanaweka kwa duka na kwa vyumba za maharusi, na ilikuwa ndefu, inamaliza uzi kama ng'ombe anamaliza maji.

Madre hakuwa anachapa mtu. Afadhali angechapa. Ukikosea mshono mmoja, anachukua mkasi mdogo, anafungua kazi yote, mshono kwa mshono, polepole, wewe ukiwa umesimama hapo unaona wiki nzima ya maisha yako inarudi kuwa uzi. Lakini ukimaliza vizuri, anakupea uzi mwekundu, unashona jina lako kwa pembe ya kitambaa. Hiyo ilikuwa sheria ya kwao. Alikuwa anasema, "Kazi bila jina ni mtoto bila baba."

Madre akazeeka, wakamrudisha kwao, nyumba ikafungwa. Mimi nikashuka Malaba kutafuta kazi, na huko nikapata mkubwa wangu wa pili. Huyu alikuwa na kampuni ya klaringi, wale watu wa kushughulikia makaratasi ya mizigo ndio lori ivuke kuingia Uganda. Alitaka aitwe Director. Ofisi yake ilikuwa nusu ya kontena, nusu ile nyingine ilikuwa ya mama wa chapati, kwa hivyo makaratasi yetu yote yalifika kastamu, kwa watu wa forodha, yakinukia mafuta. Siku moja kukaja mzigo umeandikwa Kispania, Director akashika kichwa. Mimi nilikuwa nimekuja tu kuomba kazi ya kufagia. Nikakwaruza na kucha, nikamwambia, hii ni uzi, hii ni sindano, hii ni vitabu. Akaniangalia kama mtu ameona kuku anapiga simu.

Director alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia, "Mzee, sitaki hadithi. Nataka neno moja la Kingereza ambalo kastamu haiwezi kunirudishia." Na hapo ndio shida ilikuwa. Ukisema neno mbaya, lori inalala kwa yadi, dereva anakutukana kwa lugha ambazo hata hazijavumbuliwa, na mwenye mali anapiga simu. Kwa hivyo kila mzigo ukija, nilikuwa naenda kwanza nyuma ya kontena kuomba Mungu. Mama wa chapati akaanza kuamini niko na ugonjwa ya tumbo, akawa ananipikia uji.

Halafu nikapelekwa Busia kidogo, kwa mkubwa wa tatu, mama mmoja wa mitumba, supervisor wa store, mwili kama geti la benki. Yeye alitaka nimsomee maneno yameshonwa kwa nguo kabla ya kuuza, asiuzie mtu matusi akarudishiwa na rungu. Kazi nzuri. Shida ikaja siku katekista mmoja wa kule Alupe alijinunulia shati rangi ya waridi kwa duka lingine, akapita kwetu njiani akienda kanisani, kifua mbele. Shati ilikuwa imeshonwa La Novia. Hiyo ni kusema, bibi harusi. Supervisor akaniambia mwambie. Nikasema mwambie wewe. Akasema wewe ndio unajua lugha. Nikamfuata yule mtu wa Mungu mpaka mlango wa kanisa, nikamnong'onezea. Alisoma somo la kwanza na la pili akiwa amekumbatia Biblia kifuani hivi, na waumini wakasema hawajawahi kuona mtu anapenda neno la Mungu namna hiyo.

Hiyo ilikuwa woga ya mchezo. Woga yenyewe ilikuwa inaningoja Malaba, Director aliponiita nirudi.

Wakati huo kwa simu kulikuwa na sauti imerekodiwa, watu wanatumiana. Mtu ambaye hakuna anamjua alikuwa anasema kuna lori itapita mpaka na majina ya watu, na kila mtu ambaye jina lake liko ndani atakufa ndio mtu fulani apate utajiri. Mama wa chapati alinisikizisha mara nyingi mpaka nikaanza kukula chapati nikiangalia nyuma. Watu walikuwa wameacha kutaja majina yao kwa njia. Ukisalimia mtu, anakuuliza, wewe nani amekutuma?

Ndio ikaja lori ya Salongo. Salongo ni dereva wa Uganda, baba wa mapacha, mtu mpole, anaongea na usukani yake kama ni bibi ameoa. Alikuwa amebeba msaada wa kanisa moja ya huko kwao: marobota ya vitambaa na masanduku ya vitabu, yote imetoka kwa akina mama wa nchi za Kispania. Makaratasi ilikuwa Kispania tupu. Afisa wa kastamu wa kukagua mizigo, tulimwita Madam, akasema mzigo ufunguliwe hapo kwa yadi, na Director alete mtu wake asome, aseme kwa Kingereza, yeye aandike. Mchana kweupe, jua ya kuchoma kobe.

Wapakuzi walikuwa chini ya Okiring. Okiring alikuwa foreman wao, mwanaume wa kubeba gunia mbili za mahindi na bado anakuna mgongo. Alikata kamba ya robota ya kwanza. Kitambaa cheupe kikamwagika. Katikati imeshonwa moyo mkubwa mwekundu, imezungukwa na miba. Chini ya moyo kuna neno refu. Na kwa pembe, uzi mwekundu, jina.

Wapakuzi wakarudi nyuma. Hakuna aliwaambia warudi. Walirudi tu, wote pamoja, kama maji inaondoka kwa jiwe.

Madam akasema, soma mzee, neno kwa neno, na kwa sauti. Nikashika kitambaa. Sasa nyinyi mnajua vile mimi nasoma. Nikafunga macho, nikaweka kidole kwa neno dogo limeshonwa ukingoni, nikaanza kutembeza polepole, mdomo ukinong'ona, inapanda, inashuka, inakata katikati. Mimi nilikuwa kazini. Lakini kwa wale watu, huyo alikuwa mganga anaita vitu. Nikasikia mtu nyuma anasema, ameanza.

Nikafungua macho, nikasema, "Embroidery." Madam akaandika. Nikaenda kwa sanduku, nikakwaruza na kucha, nikasema, "Books." Madam akaandika. Nikarudi kwa lile neno refu chini ya moyo. Nililijua kabla kidole ifike. Na nikaogopa. Kwa sababu hapa kwetu hilo neno la Kingereza kila mtu analijua, hata mtoto wa kunyonya, na hakuna mtu analipenda usiku akiwa peke yake. Ni neno ya utajiri wa kafara, ya watu walio na ghorofa na hakuna aliwahi kuwaona wakitoka jasho. Nikafikiria niseme flowers. Nikafikiria niseme welcome visitor. Lakini Madam alikuwa na kalamu, na Director alikuwa amenikazia macho, na Madre, hata kama alikuwa mbali, nikasikia mkasi wake.

Nikasema, "Prosperity."

  Madam akasema, endelea, na hiyo ya pembe. Nikasema, Madam, hiyo ni jina tu. Akasema, soma. Nikasoma: Rosa. Robota likafunguka zaidi, kitambaa cha pili: Perpetua. Cha tatu: Felicita. Sasa jamani, mnajua akina mama wa hii mpaka yetu. Masista walitubatiza kutoka kwa kitabu ile ile ya majina iliwabatiza watu wa huko. Nani hapa hana Rosa? Mpakuzi mmoja akakaa chini, akasema Rosa ni mama yangu. Mwingine akatoa simu, ikamponyoka, ikaanguka kwa matope. Felicita alikuwa na wanaume watatu wanamlilia hapo, na mpaka leo sijauliza.

Nikagusa cha nne. Sikutaka kusoma. Okiring akanishika shingo na vidole viwili tu, akasema soma mzee. Nikasoma: Agripina.

Okiring akaniachilia. Uso wake ikawa rangi ya jivu. Akasema pole pole, "Huyo ni bibi nimeoa."

Nikawaambia ni chama. Nikasema Prosperidad ni jina la chama cha akina mama, kama hizi zetu za merry-go-round, za kuchangiana pesa kwa zamu, wanashona, wanauza, wanasaidia. Okiring akasema ndio, chama ya kukula watu. Nikasema kwa hao watu, mwenye kushona ndiye anaweka jina lake, ni sheria, nilifundishwa na Madre. Okiring akavuta shati yake mbele, kifungo hakuna hata kimoja, imefungwa na waya. Akasema, "Agripina wangu hajawahi kushona hata kifungo. Ona. Unaniambia amefika Spania kushona moyo?"

 Na hapo ndio mtu akasema lile neno nilikuwa naogopa tangu mwanzo. Akauliza, na huyu mzee, hiyo lugha ya wakula watu alifundishwa na nani, na kwa nini anaisoma na macho imefungwa?

Wakageuka wote. Madam alikuwa nyuma yangu ameshika koti yangu, na Director alikuwa ameisha, yaani mahali alikuwa amesimama kulikuwa kumebaki joto tu. Salongo alikuwa ameingia kwa kichwa ya lori, amefunga mlango, amepandisha vioo. Nilimuona kupitia kioo, midomo inasema banange, banange, yaani jamani kwa Kiganda, bila sauti. Nikasikia harufu ya petroli. Malaba petroli haikosi, kila nyumba iko na jerikeni. Jerikeni ya manjano ikapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, kimya kimya, kama vile watu wanapitisha sadaka. Ikafika kwa Okiring. Akafungua kifuniko. Akamwaga kwa gurudumu la lori, halafu akaniangalia viatu.

Ndugu zangu, nimewaambia mambo mengi hapa ya kuongeza chumvi. Hii siongezi.  Nilikuwa na maneno ya Kispania, ya Kingereza, ya Kiswahili, Kiteso na Kiluyia ya kuombea maji, na hakuna hata moja ilitoka. Kazi yangu yote ilikuwa kutafuta neno ya mtu mwingine, na siku nilihitaji yangu, nilikuta mfuko ni tupu. Petroli ikaingia kwa kiatu, ikawa baridi. Mtu akauliza nani ako na kiberiti.

Ndio watu wakaanza kusukumana kwa geti. Kuna mtu alikuwa amekimbia kumwambia Agripina kwamba amekufa. Agripina alikuwa anauza githeri, mahindi na maharagwe, nje ya yadi, mwanamke mfupi, mpana, na mwiko wa kukoroga sufuria ya harusi. Akapita katikati ya wanaume wakubwa kama lori ya mchanga. Watu walipomuona anatembea wengine walianza kulia, wengine wakarudi nyuma, wakasema ni kivuli yake. Okiring akaangusha kifuniko. Akamuonyesha kitambaa, akamwambia kwa sauti ya mtoto kwamba jina lake liko hapo, na chini ya moyo kumeandikwa prosperity, na huyu dereva na huyu mzee wamemtoa kafara ndio wapate utajiri. Agripina akachukua kitambaa, akaangalia jina. Akaangalia mimi na kiatu yangu. Akaangalia Salongo ndani ya kioo. Akaangalia bwana yake kutoka kichwa mpaka waya ya shati.

Ngojeni nipumue. 

Mimi niliacha kazi wiki hiyo. Director alirudi, akaniambia nimevumilia kama askari, nikamwambia tafuta askari mwingine. Siku hizi vijana wa klaringi wanaweka simu juu ya karatasi, simu inasema embroidery, simu inasema prosperity, na haitokwi na jasho. Ni sawa. Mimi sina wivu. Lakini simu haiangalii ni nani amesimama kwa yadi akisikiliza. Mimi nimekaa kwa hii kazi mpaka nikazeeka, na kitu najua ni hii: neno unaweza kulitoa kwa lugha yake likiwa sawa kabisa, bila kosa hata la mshono mmoja, na bado likashuka kwa watu kama nyoka imeanguka kutoka kwa paa. Wakubwa zangu wote watatu walinifundisha kulitoa. Hakuna alinifundisha mahali pa kuliweka. Kwa hivyo sasa nashona vitambaa nyumbani, karibu mgeni, karibu mgeni, na jina langu naweka ndani ya pindo, mahali hakuna mtu ataona.

Basi. Petroli iko kwa kiatu, kiberiti kimepatikana. Agripina akakunja kile kitambaa, akakiweka chini ya kwapa yake, akasema:

"Okiring, kama jina yangu inaleta utajiri, mbona tangu unioe tunalala kwa gunia?"